Delfiniamu Isiyochanua Vizuri: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Suke la delfiniamu lililokua vizuri hupanda hadi mita 1.5 au 2 kutoka ardhini, likiwa limesheheni maua ya buluu, zambarau, pinki au meupe kuanzia chini hadi karibu na ncha, na mtu aliyewahi kuliona bustanini kwake huingiwa na simanzi mwaka ambao halitokei. Wengi wetu tunapoona kasoro hulitazama ua lenyewe na kutafuta dawa ya kulipulizia. Nimekuza mimea hii kwa muda wa kutosha kuamini kwamba sehemu kubwa ya kasoro zinazoonekana kwenye ua huwa zilianza wiki nyingi kabla, kwenye mizizi, kwenye kisiki na kwenye machipukizi ya kwanza. Kwa sababu hiyo, karibu kila dalili iliyoelezwa hapa nitaifuata hadi chini kabla ya kusema nini kifanyike.

Maelezo haya yanahusu hasa mahuluti marefu ya Delphinium elatum, ambayo huishi miaka kadhaa na kuchipua upya kila mwaka kutoka kwenye kisiki, yaani ile sehemu ngumu iliyo usawa wa udongo ambapo mizizi hukutana na mashina. Kundi la Belladonna, ambalo ni fupi zaidi na lenye matawi mengi, hupatwa na matatizo yaleyale isipokuwa haliangushwi na upepo kwa urahisi. Kabla hujashika kisu au makasi, vaa glavu. Sehemu zote za mmea huu zina sumu kwa binadamu na kwa mifugo, hasa mbegu na machipukizi machanga, na utomvu wake huweza kuwasha ngozi.

Mmea hauchipui baada ya majira ya baridi

Usiung'oe bado. Fukua udongo wa juu taratibu kwa vidole mpaka kisiki kionekane, kisha kibonyeze. Kikiwa laini, cheusi na chenye harufu ya kuoza, basi kimekufa, na aghalabu kimeuawa na maji yaliyotuama wakati mmea umelala, zaidi kuliko na baridi yenyewe. Delfiniamu huvumilia baridi kali vizuri kabisa, lakini haivumilii kukaa kwenye tope. Anayelima kwenye udongo wa mfinyanzi auchanganye na mboji nyingi, aupande mmea wake kwenye tuta lililoinuka, na asirundike matandazo juu ya kisiki chenyewe. Matandazo yakae pembeni, juu ya mizizi.

Kisiki kikiwa kigumu, kitazame kwa karibu zaidi. Mwaka mmoja nilikuwa nimekwisha kuukatia tamaa mche wangu wa miaka mitatu, nikatoka usiku na tochi baada ya mvua kwa ajili ya kuhakikisha tu. Nilikuta koa wadogo wa kijivu, wale konokono wasio na gamba, wamejikunja kwenye kisiki, na wengine wameingiza vichwa vyao ndani ya machipukizi ambayo hayajafikia hata urefu wa ukucha. Mmea ulikuwa hai na ulikuwa ukichipua kila siku. Tatizo ni kwamba kila kilichotoka kiliishia usiku uleule. Mchana ungeona udongo mtupu na, kama ungeinama, michirizi ya ute uliokauka.

Dawa ya koa ni kuwahi. Kuwaokota kwa mkono usiku, siku kadhaa mfululizo, kunaokoa mmea kuliko kitu kingine chochote ninachokifahamu. Safisha majani makavu yanayozunguka kisiki, kwa maana ndiyo maficho yao ya mchana. Wapo wanaotumia minyoo midogo ya nematodi aina ya Phasmarhabditis hermaphrodita, inayochanganywa na maji na kumwagiliwa udongoni, nayo hufanya kazi vizuri mradi udongo uwe na unyevu na joto lake lizidi nyuzi 5 za Selsiasi. Kokoto ndogo na maganda ya mayai yaliyopondwa ninayaona yakisifiwa sana, lakini kwangu hayajawahi kuzuia koa mwenye njaa.

Elewa pia kwamba mmea ulioliwa machipukizi yake ya kwanza hauwezi kutoa suke lenye ukubwa wa kawaida mwaka huo, hata ukichipua tena. Akiba ya chakula iliyokuwa kwenye kisiki imekwisha kutumika mara moja bure.

Majani yamestawi, lakini hakuna suke

Malalamiko haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, na yana vyanzo vinne vinavyoweza kutofautishwa kwa macho.

Cha kwanza ni upungufu wa mwanga. Delfiniamu inahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kwa siku. Mmea uliokosa mwanga huinamia upande mmoja, vikonyo vya majani yake hurefuka kupita kiasi, na nafasi kati ya jani na jani kwenye shina huwa kubwa. Mara nyingi mwenye bustani ataapa kuwa mahali pale pana jua, kwa sababu palikuwa na jua alipopanda. Tangu wakati huo mti wa jirani umekua. Kaa siku moja uhesabu saa.

Cha pili ni naitrojeni iliyozidi. Hapa mmea hausinyai wala hauinami, bali unapendeza: majani mapana, laini, ya kijani kibichi kilichokolea, na mashina manene yenye maji mengi yanayovunjika kwa kuguswa tu. Niliwahi kuutandazia mstari mzima samadi ya kuku ambayo haijaiva, kwa nia njema ya kulisha mmea unaojulikana kwa ulafi, nikapata kichaka cha majani kilichofika kiunoni na masuke mawili mafupi. Ni kweli kwamba delfiniamu inakula sana, lakini inataka mlo uliosawazika. Mboji iliyoiva itandazwe mapema machipukizi yanapoanza kutokeza, pamoja na mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uwiano unaokaribiana. Vitumba vikianza kuonekana, badili utumie mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi, ya aina ileile inayotumika kwa nyanya zinazotunga matunda. Pima na uchachu wa udongo. Mmea huu hustawi vizuri pH inapokuwa kati ya 6.5 na 7.5, na kwenye udongo wenye tindikali kali mbolea nyingi hupotea bila mizizi kunufaika nayo.

Cha tatu ni umri. Mche uliotokana na mbegu huweza kutoa suke dogo mwaka wake wa kwanza, au usitoe kabisa, na hilo si ugonjwa. Wakulima wengi makini hulikata hata hilo suke la kwanza mara linapojitokeza ili nguvu ibaki mizizini, nami naunga mkono desturi hiyo ingawa inauma.

Cha nne ni hali ya hewa na urefu wa mchana. Huu ni mmea wa sehemu za ubaridi. Kipindi cha baridi huupumzisha na kuupa nguvu ya kuchipua kwa pamoja, na mchana unaorefuka huuhimiza kurefusha shina na kutunga vitumba. Pale ambapo usiku hauna ubaridi na mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, mmea huweza kubaki kama fungu la majani lililolala chini kwa miezi. Katika mazingira kama hayo ni bora kuupanda kwenye miinuko, au kuuchukulia kuwa mmea wa msimu mmoja, kuliko kuulaumu.

Masuke ni mengi, lakini ni membamba na mafupi

Mmea wenye dalili hii hauumwi. Umeachwa ubebe mzigo usiouweza. Kisiki cha miaka mitatu au minne chaweza kutoa machipukizi kumi na tano au ishirini, na kila moja likiachwa litajaribu kuchanua, hivyo chakula kilichotosha masuke sita kinagawanywa kwa ishirini. Juu ya hayo, msongamano huo huzuia hewa kupita katikati na kukaribisha ukungu.

Punguza machipukizi yakiwa na urefu wa sentimita 7 hadi 15, wala usisubiri zaidi ya hapo, kwa kuwa kila siku ya kuchelewa ni chakula kilichopotea kwenye mashina utakayoyatupa. Mmea mchanga ubakizwe machipukizi 2 au 3. Mmea uliokomaa ubakizwe 5 hadi 7. Mpandaji mgeni hushika kisu akasita, kwa kuwa anaona anaua maua, ndiyo maana nashauri kuchagua kwanza yatakayobaki na kuyafunga uzi, kisha kukata mengine yote bila kuyatazama tena. Yabaki yaliyo manene, yaliyoachana kwa nafasi inayofanana kuzunguka kisiki. Kata chini kabisa, usawa wa kisiki, kwa kisu kikali kilichosafishwa.

Angalia pia umbali kati ya mmea na mmea. Sentimita 60 ni kima cha chini, na kwa mahuluti makubwa sentimita 90 hazizidi. Mizizi ya mti au ya ua wa miti ulio karibu hunyonya maji na rutuba kimyakimya, na matokeo yake juu ya ardhi hufanana kabisa na ya mmea usiopunguzwa.

Vitumba vyeusi, vilivyopinda au visivyofunguka

Jina delfiniamu lina asili ya neno la Kigiriki la pomboo, kwa sababu kitumba chake chenye mkia mwembamba nyuma hufanana na mnyama yule wa baharini arukapo. Umbo hilo linakusaidia kupima afya. Kitumba kizima, hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama, huwa kimeanza kuonyesha mkia wake. Ukiona vitumba vilivyojikunja kama ngumi, visivyo na mkia, vyeusi kana kwamba vimepitishwa juu ya moto, una magonjwa mawili ya kuyatenganisha.

Geuza majani machanga ya juu. Yakiwa yamekunjamana, manene, yanavunjika kwa urahisi, na mmea mzima umedumaa katikati huku majani ya zamani ya chini yakiwa hayana neno, mshukiwa ni utitiri uitwao Phytonemus pallidus. Wadudu hawa hawaonekani kwa macho matupu, kwani urefu wao haufiki hata theluthi ya milimita, nao huishi ndani kabisa ya vitumba na majani ambayo hayajakunjuka, mahali ambapo dawa ya kupulizia haifiki. Hapa sina la kubembeleza: ng'oa mmea ulioathirika sana, utie kwenye mfuko papo hapo, uutupe mbali na mboji yako, kisha unawe mikono na kusafisha zana kabla ya kugusa mmea mwingine, maana utitiri husafiri kwa mikono, kwa nguo na kwa majani yanayogusana.

Kama majani hayakukunjamana, lakini yana mabaka meusi yanayong'aa kama matone ya lami, yenye kingo zisizo sawa, na mabaka hayo yameanzia majani ya chini yakapanda hadi kwenye shina na vitumba, basi ni bakteria wa Pseudomonas. Hawa hurushwa kutoka udongoni na matone ya mvua au ya maji ya kumwagilia, ndiyo maana ugonjwa hupanda kutoka chini. Hakuna dawa ya kuponya ambayo mwenye bustani anaweza kuitegemea. Ondoa majani yenye mabaka mapema, mwagilia chini kwenye udongo badala ya juu ya majani, tandaza mboji ili matone yasirushe udongo, na mwisho wa msimu usiache mabaki ya mashina yaozee palepale. Mmea wenye bakteria hawa kwa kawaida hubaki hai na huweza kuchanua vizuri mwaka unaofuata ukiwa wa mvua chache, jambo ambalo kwa ule wa utitiri ni nadra.

Unga mweupe kwenye majani na vitumba

Huu ni ubwiri unga. Wengi huuhusisha na unyevu wakapunguza maji, na kwa kufanya hivyo wanauongezea nguvu, kwa sababu mmea hushambuliwa zaidi mizizi ikiwa mikavu na hewa iliyouzunguka ikiwa imetuama. Mwagilia kwa kina, kiasi cha udongo kulowa sentimita 20 kwenda chini, punguza mashina ya katikati, na kata majani ya chini yaliyogeuka meupe. Salfa au baikaboneti ya potasiamu ikipuliziwa mara dalili za kwanza zinapoonekana huzuia ukungu usienee, lakini haiyarudishi majani yaliyokwisha kufunikwa.

Mmea mzima unanyauka ghafla

Udongo una unyevu, ilhali mashina yananyauka mchana na hayainuki jioni. Fukua kisiki. Ukikuta nyuzi nyeupe za ukungu na vijipunje vya kahawia vinavyolingana na mbegu za haradali, ni ugonjwa wa Sclerotium, unaopenda joto na unyevunyevu. Toa mmea pamoja na udongo unaouzunguka, na usipande delfiniamu nyingine mahali hapo kwa miaka kadhaa, kwa kuwa vijipunje hivyo hudumu udongoni muda mrefu.

Masuke yanavunjika au kulala

Shina la delfiniamu lina uwazi ndani, na juu yake linabeba suke ambalo likilowa mvua huongezeka uzito sana. Kosa ni kusubiri lianze kuyumba. Fito zisimikwe mmea ukiwa na urefu wa sentimita 30 hivi, wakati mizizi bado haijaenea mahali utakapozichomeka, nazo ziwe ndefu za kutosha kufika chini kidogo ya mahali suke litakapoanzia. Funga shina kwa kamba laini yenye umbo la nane, ili kamba ipite kati ya ufito na shina na kuacha nafasi ya shina kunenepa na kucheza kidogo. Kila sentimita 30 funga tena. Shina lililofungwa mahali pamoja tu, tena kwa kubana, hukatika palepale kwenye kamba. Ukilikagua utaona limebonyea kama mrija uliokunjwa.

Maua yanapukutika mapema

Kile tunachokiita petali kwenye delfiniamu, ile sehemu pana yenye rangi, ni sepali tano, na petali halisi ni zile ndogo za katikati ambazo wapenzi wa mmea huu huziita nyuki. Sepali hudondoka mara ua linapochavushwa, kwa hiyo bustani yenye nyuki wengi itapukutisha maua haraka kiasi, na hilo ni la kulipokea kwa furaha. Kisicho cha kawaida ni maua kudondoka kabla hayajafunguka kikamilifu, au nusu ya juu ya suke kukauka ikiwa bado ni vitumba. Chanzo huwa ni kiu wakati wa kutunga vitumba, au joto la mchana linalokaa juu ya nyuzi 30 siku nyingi mfululizo. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kama ncha inatoka kavu, mmea umeshachelewa kunyweshwa. Matandazo na kivuli chepesi cha saa za alasiri husaidia sana kwenye sehemu zenye joto.

Maua yakitoka ya kijani na yamegeuka kuwa kama vijani vidogo, ni ugonjwa wa fitoplasma unaoenezwa na wadudu wadogo warukao na kufyonza utomvu. Hautibiki, ng'oa mmea.

Mmea unadhoofika mwaka hadi mwaka

Kwanza jiulize ulipanda nini. Jamii ya Pacific Giant, iliyokuzwa California na Frank Reinelt na inayouzwa sana kwa mbegu, ina masuke ya kuvutia lakini maisha yake ni mafupi, na kufifia baada ya miaka miwili au mitatu ni tabia yake. Mahuluti ya elatum yanayoenezwa kwa vipandikizi hudumu zaidi.

Pili, angalia unachokifanya suke likishamaliza kuchanua. Likiachwa litunge mbegu, mmea utatumia nguvu zake huko na hautatoa masuke ya pili. Likikatwa pamoja na majani yote mabichi hadi ardhini, kisiki kinabaki bila cha kukilisha. Kata suke peke yake, juu kidogo ya majani ya juu, kisha mwagilia na kulisha kidogo. Machipukizi mapya yakishatoka chini na majani ya zamani kuanza kuwa ya manjano, hapo ndipo mashina ya zamani yaondolewe. Mmea wenye afya hutoa masuke ya pili, madogo kidogo, kuelekea mwisho wa majira ya joto. Mmea mchanga au dhaifu usiulazimishe.

Tatu, kisiki chenyewe huzeeka. Kikifikisha miaka mitatu au minne, sehemu yake ya katikati huanza kuwa ngumu kama mti na kuoza, na machipukizi hutokea pembezoni tu. Unaweza kukichimba mapema majira ya kuchipua, ukagawa sehemu za nje zenye mizizi na machipukizi, na kutupa katikati. Njia ninayoipenda zaidi ni vipandikizi, ambavyo unavipata siku ileile ya kupunguza machipukizi. Chukua chipukizi la sentimita 7 hadi 10, ulikate likiwa na kipande chembamba cha kisiki chini yake, kisha ligeuze utazame mahali lilipokatwa. Likiwa jeupe na limejaa, litatoa mizizi kwenye mchanga wenye unyevu uliochanganywa na mboji, chini ya kivuli, kwa muda wa wiki chache. Likiwa na tundu katikati, litaoza hata ulibembeleze vipi. Rudi kwenye kisiki, fukua kidogo zaidi, ukate lingine chini ya pale ambapo tundu linaanzia.